Mwalimu Athian Bior, Aliyekataa Kuwaambia Wanafunzi Wake Kwamba Walikosea

Mwalimu Athian Bior Akol alizaliwa Bor tarehe 4 Juni 1981, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Bior Akol na Mama Nyabol. Nawasomea wasifu wake mimi Akuac, dada yake. Familia imeniomba nisome kwa upole. Nitajaribu.

Alisoma katika kambi ya Kakuma, Kenya, kisha akasomea ualimu wa fizikia Eldoret. Mwaka 2011 alirudi Juba akaajiriwa katika chuo cha ualimu, na mwaka 2013 alimwoa Charity Keji. Walijenga nyumba katika mtaa wa Hai Malakal, hapa Juba.

Kitabu cha chuo kilisema masi, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu, huongezeka kitu kikikimbia karibu na mwendo wa mwanga. Athian alifundisha kwamba masi haibadiliki. Kinachokua bila kikomo ni nishati, ndiyo maana mwendo wa mwanga haufikiwi. Mkuu wa idara, Mwalimu Taban, alimjia juu: "Wewe iko nasumbua watoto. Kitabu inasema masi inaongezeka, na hiyo ndiyo wanaelewa haraka." Athian akamjibu, "Mzee, ulikimbia vita kutoka Kajo-Keji mpaka Uganda kwa miguu. Ulifika umenenepa?" Hata Taban alicheka.

Kicheko kiliisha Novemba 2023. Katika mtihani wanafunzi waliandika walivyofundishwa, wakapewa sifuri, na darasa zima likarudia mwaka. Uongozi ulimtaka Athian asimame mbele yao akiri kwamba aliwapotosha. Alikataa, wakamfukuza. Walijua hakukosea. Taban mwenyewe aliniambia hivyo, sokoni, kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ya chini ndiyo siwezi kuisamehe.

Figo zilianza kumsumbua mwaka uliofuata. Alipolazwa mara ya mwisho, nikimlisha asida, ugali wetu, hakuuliza habari za kazi yake. Aliuliza, "Akuac, wale watoto walirudishiwa maksi zao?" Nikamwambia bado. Jumapili aliuliza tena. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, Agum na Bior, mimi dada yake, na darasa moja lililoadhibiwa kwa kumsikiliza.

Chuo kimeleta shada la maua lililoandikwa "Mwalimu wa kuigwa". Tumeliacha getini, ninyi mliotoka chuoni mtalikuta mkiondoka. Lirudisheni pamoja na maksi za watoto, tutalipokea kwa mikono miwili.

Athian apumzike. Amani tutaidai sisi tuliobaki.