Bi. Wilhelmina na Sheria ya Vidole Kugusa Chini

Bi. Wilhelmina Luhende, Mtendaji wa Kata, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 1997, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Kuandika hotuba hii ya kumuaga wamenipa mimi Mhoja, tarishi wake, maana barua zote za ofisi zimepita mikononi mwangu na haijapotea hata moja. Ile iliyolowa ni mvua.

Tangu biashara ya nje iwe ruksa, baiskeli zilijaa soko la Mkuyuni, na watoto wakaanza kwenda nazo shule. Wafupi walipenyeza mguu chini ya chuma cha katikati, wakanyonga kiupandeupande kama kaa. Na barabara ya Usagara ina malori! Ndipo mwaka 1994 Bi. Wilhelmina akatoa sheria: mwanafunzi akae kwenye siti, vidole vya miguu yote miwili viguse chini. Asiyegusa aache baiskeli nyumbani. Aliyepima kwenye geti la shule ni mimi, na sikudanganyika, hata na yule aliyevaa viatu vya babake.

Siku ya tatu akaja Dorcas Okomo wa darasa la saba, mfupi, anayetoka kule ufukweni, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu. Hakugusa. Nikamzuia. Babake alishasema bila baiskeli shule basi, abaki aanike dagaa.

Dorcas hakulia. Alimwamkia shikamoo Bi. Wilhelmina, aliyekuwa amekuja kukagua, kisha akamwomba Mama mwenyewe naye apimwe kwenye baiskeli ya ofisi. Mama akapanda. Vidole vyake vikaning'inia hewani.

“Mzee Mhoja, sema ulichoona,” Mama akaniamuru.

Mimi siogopi mtu. “Mama, leo utarudi kwa miguu.”

Alicheka mpaka akaanguka na baiskeli yake. Siku hiyohiyo akabadilisha sheria: ipimwe breki, siyo miguu. Nikachora mstari wa chokaa, baiskeli isiuvuke. Dorcas alisimama shubiri moja kabla ya mstari. Mama alifaulu kusimama jaribio la tatu; mara ya pili alisimama juu yangu. Mimi bado nasema sheria ya kwanza ilikuwa nzuri.

Dorcas sasa yuko kidato cha tatu, na samaki sato wa sherehe hii ameletwa na babake mwenyewe, bila kuombwa.

Mama, ahsante kwa kukubali kupimwa mbele ya watoto. Nenda nyumbani na afya njema, ulime, ulale mchana bila mtu kukubishia hodi.