Mama Skolastika na Kadi ya Mtambo Mpya

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha simu hapa Songea, fundi mkuu Mama Skolastika Mapunda anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1998. Alianza akiwa binti kutoka mtaa wa Msamala, akizikaripia nyaya kama mbuzi walioingia shambani, na nyaya zikatii. Hadi leo hakuna anayethubutu kugusa bisibisi yake bila kupiga hodi.

Mwaka 1993, ulipoletwa mtambo wa kidijiti, yeye ndiye aliyebuni kadi, kile kibao cha umeme cha kupitisha namba za simu kutoka mtambo wa zamani kwenda mpya. Aliijaribu karakanani, haikukosea hata mara moja. Tukachinja mbuzi.

Siku ya uzinduzi, mgeni rasmi aliomba kuongea na makao makuu. Akaunganishwa na muuza nyama wa Mbinga, aliyemuuliza anataka maini kilo ngapi. Ukumbi mzima ulisikia! Mama Skolastika akasimama, akasema kadi yake haina kasoro, ila opereta Salum Bakili amelewa. Salum, mtu wa swala tano! Wiki hiyo hiyo aliachishwa kazi, akarudi kwao Nalasi.

Miezi baadaye Mama Skolastika akagundua kosa ni lake. Kila mtambo uliendeshwa na mapigo yake wenyewe ya umeme, kama saa mbili zisizokwenda sawa, lakini karakanani alijaribu pande zote mbili kwa mapigo ya chombo kimoja. Anayetwanga peke yake hawezi kujua kama michi itagongana. Namba zilikuwa zinasomwa kabla hazijatulia. Akaunda kadi nyingine, inayoishikilia kila tarakimu mpaka upande wa pili ujibu kwamba umeipokea. Hiyo inafanya kazi hadi leo.

Alimweleza meneja ukweli, kisha akapanda lori hadi Nalasi. Salum alimkaribisha korosho, akamsikiliza, akamsamehe. Ila mama yake mzazi alikwisha kufariki, akiamini mwanawe alifukuzwa kwa ulevi. Mama Skolastika alirudi na aibu. Aibu ile hajaitua mpaka leo, na sisi tuliocheka ukumbini hatuna pa kuficha nyuso.

Wasifu huu tuliuandika kwanza bila habari hizi. Aliurudisha, tena kwa ukali wake ule ule: lililosemwa mbele ya watu lifutwe mbele ya watu.

Asante, mama yetu, kwa kazi na kwa ukweli. Mungu akupe uzee wa amani huko Ruhuwiko. Na kama ulivyoagiza, tunatangaza ukumbi wote usikie: Salum Bakili hakuwa amelewa.