Usikivute Kitambaa: Risala ya Mtaa wa Majeneza

Kwa Ndugu Khuất Duy Thụ, Naibu Mwenyekiti wa Mji, siku ya kuzindua kibao kipya cha mtaa

Mgeni rasmi, umefika Mtaa wa Majeneza, na tunakukaribisha kwa jina hilohilo. Tunajua kibao kilichofunikwa kitambaa chekundu hapo nyuma yako kimeandikwa Mtaa wa Yungiyungi. Sisi hatuna yungiyungi hata moja. Tuliagizwa tuandike risala ya shukrani, tumeandika hii.

JINA LETU

Zamani hapa paliitwa Mtaa wa Mbao. Wazee wetu walichonga vitanda, makabati na majeneza. Ulipoingia mwaka wa njaa kuu, watu walikufa barabarani hadi mbao zikatuishia. Wazee wakang'oa milango ya nyumba zao wakaichonga majeneza, bila kuuliza marehemu ni wa nani. Walionusurika ndio waliotupa jina hili, kwa heshima. Tangu hapo nyumba zetu haziwekwi milango ya mbao. Tunafunga kwa mikeka ya mianzi. Afisa wako wa utalii ameisifu mikeka hiyo kuwa ni mapambo mazuri.

MAFANIKIO

Tangu mwaka ule hakuna mtu wa mji huu aliyezikwa bila jeneza. Bibi Nhàn wa namba nane, mwenye miaka themanini na tatu, alichagua lake alipotimiza sabini, kama ilivyo desturi. Kwa sasa anahifadhia mchele humo.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni ofisi yako. Mwezi uliopita afisa yule alikuja kung'oa kibao cha zamani. Bibi Nhàn akatoka na ufagio wake.

"Mwanangu, hilo jina limekukosea nini?"

"Bibi, wageni hawawezi kunywa kahawa huku wanatazama kifo."

"Kwani wao hawafi?"

"Wanakufa, bibi, lakini wakafie kwao."

Tulicheka siku ile. Wiki iliyofuata ikaja barua: karakana zote saba zihame kabla ya mwaka mpya, kwa kuwa kazi yetu haiendani na jina la mtaa. Yaani mmetupachika jina, kisha mnatufukuza kwa kosa la kutofanana nalo. Tumekasirika, mgeni rasmi, na hatuoni sababu ya kuficha.

OMBI

Tunalo moja tu: usikivute hicho kitambaa.

Jana tulifungua kitabu cha waliozikwa mwaka wa njaa, kinachotunzwa katika hekalu la mababu wa ufundi wetu. Mstari wa kumi na nne umeandikwa Khuất Văn Tạc, mchukuzi, mlango wa namba nane. Huyo ni babu yako mzaa baba. Mlango ulikuwa wa baba yake Bibi Nhàn, na bibi anakaa palepale, nyuma ya mkeka.

Mteja akiondoka hapa na jeneza hatumwambii karibu tena. Ni mwiko wetu. Ukikiacha kitambaa kama kilivyo, leo tutauvunja kwa ajili yako. Ukikivuta, utaondoka kama wateja wetu wote.

Mababu wa ufundi wetu wakujalie afya na umri mrefu.

Imesomwa na Lều Thị Mận, katibu, kwa niaba yetu sisi mafundi na wakazi,
Mtaa wa Majeneza.