Evelio Loaiza Cardona, Fundi Aliyebeba Kosa Lisilo Lake

Ndugu, jamaa, majirani wetu wa Chipre, na nyinyi wa Chama cha Pikipiki cha Páramo mlioacha makoti yenu ya ngozi mlangoni mwa kanisa: wasifu huu umeandikwa na mke wa marehemu. Desturi ingempa kazi hii kaka yake Arcesio. Lakini kuna kosa moja ambalo Manizales nzima imemwandikia Evelio kwa miaka ishirini na moja, na halikuwa lake. Arcesio hajui lilikuwa la nani. Mke wa marehemu anajua, na hakutaka jeneza lishuke kabla hajalisema.

Kwanza tushukuru. Mtu aliyepanda pikipiki tangu ana miaka kumi na saba, akashuka mlima wa Letras kwa mvua na kwa ukungu, amefariki kitandani mwake, saa nne na robo asubuhi, amevaa soksi za sufu. Binti yake Yamile alipomfumba macho alisema, "Mama, ile simu haikulia." Sote nyumbani tulijua ni simu gani: ile ya kutuambia kaangukia barabarani. Tumelia, ndiyo, lakini ndani ya kilio kulikuwa na pumzi ndefu iliyokuwa ikingoja kutoka.

Evelio alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 hapa Neira, mtoto wa sita kati ya tisa wa mzee Crisanto Loaiza, mpandisha mizigo kwa nyumbu, na mama Rosalba Cardona. Baba yake alikuwa akishusha kahawa milimani kabla barabara haijafika, na ndiye aliyemfundisha kufunga mzigo. Alimwambia, "Mzigo ukilalia upande mmoja, nyumbu atajiokoa mwenyewe. Atakayeanguka ni wewe." Evelio aliyarudia maneno hayo kwa kila mteja, mpaka wengine wakadhani yametoka katika Biblia.

Alisoma shule ya msingi hapa Neira, kisha akaingia shule ya ufundi Manizales, akamaliza mwaka 1966. Hesabu aliipenda, kuimba alilazimishwa. Mwaka 1968 aliajiriwa katika karakana ya baiskeli, na mwaka 1979 alifungua karakana yake mwenyewe mtaa wa Chipre, mlango wa kijani, ambao wengi wenu mmeupiga mateke mkidhani umefungwa kumbe unakwama tu.

Kazi yake hasa ilikuwa zile pikipiki kubwa za safari ndefu, zenye mbio za mashindano na siti ya watu wawili. Mtu alinunua pikipiki mpya, akaja kwake akilalamika mgongo, viganja, au mke aliyekataa kupanda tena. Evelio alipandisha usukani sentimita tatu, akashusha vikanyagio, akachonga upya sponji ya siti, akabadilisha kioo cha upepo ili upepo usimpigie mwenye pikipiki kelele masikioni. Mwisho kabisa alikuja kwenye springi, na hapo ndipo alipokuwa mfalme. Hakugusa springi kabla hajampandisha dereva, abiria na masanduku yote juu ya mizani ya magunia ya kahawa aliyorithi kwa mjomba wake.

Kina mama wengi mliopo hapa mmepanda mizani hiyo. Aliigeuza uso utazame ukuta, akachungulia peke yake. Mama Ofelia wa duka la mikate alimwonya siku yake ya kupimwa, "Evelio, hiyo namba ikitoka humu ndani, nakuzika ukiwa unanitazama." Naye akajibu, "Namba gani, mama? Mimi nimeona mshale tu, na kusoma sijui." Lakini kwa mizigo hakuwa na mzaha. Alitaka kujua mpaka viatu vya akiba. Alisema pikipiki haina siri, na kilo uliyoificha itajitaja yenyewe kwenye kona.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Nohemí Buriticá katika kanisa hili hili. Walijaliwa watoto wawili, Yamile na Rubiel. Msimamizi wa ndoa alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, Gildardo Henao, ambaye baadaye alikuja kuwa mwenyekiti wa chama. Wawili hao walikunywa kahawa pamoja kila Jumamosi kwa zaidi ya miaka ishirini na kutukanana kwa mapenzi. Pikipiki ya Gildardo haikuguswa na mkono mwingine ila wa Evelio.

Sasa tunafika Jumapili ya tarehe 17 Agosti 2003, na hapa mke wa marehemu anaomba ruhusa ya kuacha kujiita mke wa marehemu. Ni mimi.

Ilikuwa wikendi ya sikukuu, na chama kizima kilikuwa kinashuka kwenda mji wa Mariquita. Evelio alikuwa amemaliza kuitengeneza pikipiki yetu, na safari ile ilikuwa ya kuwaonyesha wenzake kazi yake. Jioni ya Jumamosi alitupima, mimi, yeye na masanduku, akakaza springi kwa kipimo hicho. Asubuhi nikakumbuka kwamba dada yangu Dioselina, anayekaa Mariquita, aliniomba kinu cha mkono cha kusagia mahindi. Kile cha chuma. Ningemwambia Evelio, angeanza kupima upya, na pikipiki arobaini zilikuwa tayari zinanguruma barabarani. Nikasema moyoni, kinu kimoja kitafanya nini? Nikakitia katika sanduku la nyuma, juu kule, nyuma ya tairi. Na kwa kuwa nilikwishaanza, nikaongeza vipande kumi na viwili vya sukari guru.

Tulivuka Letras salama. Kwenye mteremko, kona ndefu ya pili, usukani ukaanza kutikisika. Evelio alipunguza mwendo alivyoweza, lakini nyuma kulikuwa kunatuvuta huku na huku, tukaangukia majani ya malisho ya ng'ombe. Mimi sikuumia. Gildardo alikuwa nyuma yetu; alifunga breki asitukanyage, naye akaanguka kwenye lami, akavunjika mtulinga.

Nikiwa bado nimekaa kwenye majani, nilimwona Evelio akilifungua lile sanduku. Alitazama ndani. Akalifunga, akageuza ufunguo, akautia mfukoni. Kisha akaenda kwa Gildardo, aliyekuwa amekaa kando ya barabara ameshika bega, na watu wote wamemzunguka.

"Umetufanya nini, Evelio?"

"Nimekosea springi, kaka. Nililegeza mno."

"Wewe? Unayepima mpaka leso za watu?"

"Hata padri hukosea misa. Nisamehe."

Gildardo hakumsamehe. Alisema mbele ya wote kwamba fundi aliyemwangusha mkewe mwenyewe hawezi kukabidhiwa mke wa mtu, na pikipiki yake akaihamishia kwa fundi wa Pereira. Wengine wakamfuata. Kwa miaka miwili Evelio alitengeneza vipikipiki vya wapeleka barua, mlango wa kijani ukawa haukwami tena kwa sababu hakuna aliyeupita. Nilimuuliza kwa nini hakusema ukweli.

"Nisemeje? Kwamba mke wangu alimpelekea dada yake zawadi? Watakucheka mpaka uzeeni, Nohemí. Mimi watanicheka mwaka mmoja, wasahau."

Hawakusahau. Wateja walirudi mmoja mmoja, maana mgongo ukiuma mtu hupunguza kiburi. Gildardo hakurudi, na kila Jumamosi Evelio aliendelea kunywa kahawa kwenye meza yao ile ile, peke yake, kiti cha pili kimewekewa kofia. Nilinyamaza. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa aibu, na miaka iliyofuata kwa sababu nilinyamaza ule wa kwanza. Sina utetezi mwingine.

Mwezi Februari 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu. Hospitali ilimpa mtungi wa oksijeni wenye magurudumu, ukagonga vizingiti usiku na mchana, naye akaufungia springi mbili za siti ya pikipiki. Muuguzi aliomba amtengenezee na wa mgonjwa mwingine. Wiki tatu kabla ya kufa nilimwambia, "Evelio, nitawaambia watu." Akavuta pumzi yake taratibu, akasema, "Ngoja nife kwanza. Nikiwa hai itanibidi nikukanushe." Nikamuuliza kama alinikasirikia. Alisema alikasirika mpaka Fresno, mji ulio chini ya mteremko ule, na kwamba kuanzia hapo njia ilikuwa nzuri.

Alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Jana mchana, nyumbani tukiwa msibani, Gildardo alikuja. Alisimama karibu na mlango kama mtu aliyekosea nyumba. Nikamvuta jikoni, nikamweleza yote niliyowaeleza nyinyi.

"Kinu," akasema. "Kinu cha mahindi."

"Na sukari guru vipande kumi na viwili."

"Shemeji, miaka ishirini na moja naendesha pikipiki inayonivunja kiuno. Yule wa Pereira hajui kitu, na siwezi kumwambia mtu."

"Najua. Evelio alikuwa akikuona unavyoshuka kwenye pikipiki. Alikuwa anaumia kukutazama."

Hapo akalia, mzee wa miaka sabini na saba, amefunika uso kwa kofia. Alipomaliza akapangusa macho, akauliza kama kinu kilipona. Nikamwambia hakina hata mkwaruzo, na mahindi ya arepa, vile vikate alivyokuwa ametoka kula sebuleni, yalisagwa nacho.

Basi, wanachama wa Páramo, lile daftari la chama mlimoandika "kosa la fundi", tafadhali futeni, muandike jina langu. Cheko ruksa. Nina miaka sitini na sita, naweza kulibeba.

Marehemu ameacha mjane, Nohemí Buriticá, watoto wawili, Yamile na Rubiel, ambaye sasa ndiye fundi wa mlango wa kijani, wajukuu watatu, kaka yake Arcesio, shemeji yake Dioselina, ambaye kinu chake hajakipata hadi leo, na rafiki yake Gildardo Henao, ambaye jina lake halikuwemo katika orodha hii mpaka jana saa nane mchana, na ambaye ameomba kushika jeneza upande wa mbele.

Evelio apumzike kwa amani. Mkewe ameanza jana.