Risala ya Wakazi wa Mtaa wa Ketting Kuhusu Vumbi Tulilolifuta Wenyewe

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Willemijn Terpstra, mwenye dhamana ya afya na mazingira katika serikali ya jiji letu. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Bwana Jaap Hoekzema. Na majirani wote, kuanzia namba moja hadi sitini na mbili:

MAKARIBISHO

Karibu sana, Mheshimiwa. Umefika saa nne kamili kama barua ilivyosema, nasi tuko mlangoni tangu saa tatu, hatukai wala hatutulii. Kahawa iko tayari. Kopo la biskuti limefungwa, na leo si kwa ule uchoyo wetu wa biskuti moja kwa kikombe kimoja. Sababu utaiona mwisho wa risala hii. Mimi msomaji ni Neeltje Plooij wa namba kumi na nne, katibu. Mwenyekiti amenionya, "Neeltje, soma taratibu, mama, hufukuzwi." Nitajaribu.

HISTORIA

Mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya wapakuzi wa mizigo bandarini. Babu zetu walirudi nyumbani weusi tii kwa makaa, na bibi zetu wakaapa kwamba masizi hayatavuka kizingiti. Ndiyo maana mpaka leo kila Jumamosi tunapiga deki ngazi za nje na kufuta kingo za madirisha, na mapazia tunayaacha wazi ili mpita njia aone kuwa hatufichi kitu. Bwana Jaap husema, "Huyu Neeltje hata kaburi lake atalipiga deki." Mnacheka. Haya, chekeni.

Miaka sita iliyopita, ng'ambo ya mfereji, ilifunguliwa yadi ya kusaga vyuma chakavu.

MAFANIKIO

Tumeng'oa vibamba vya saruji mbele ya nyumba thelathini na moja na kutengeneza vibustani, ambavyo utavizindua leo kwa kukata utepe. Tumepanda miti kumi na mmoja, na tisa imeshika. Mabaki ya jikoni tunayageuza mbolea. Wazee wanatembea pamoja kila Jumanne, wale wenye pumzi ya kutembea.

Mwaka wa kwanza tulipanda saladi na vitunguu. Tuliziosha mboga zile kwa maji mara tatu, na maji ya mara ya tatu bado yalikuwa ya kijivu. Sasa tunapanda maua tu. Hilo nalo tumeliandika kwenye mafanikio.

Tunaomba radhi, Mheshimiwa, tungoje lori hili lipite.

Ahsante. Hilo ni la kumi na saba tangu asubuhi.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, na tumejiletea wenyewe.

Mwezi Machi maofisa wawili walitumwa kuja kupima vumbi kwenye kingo za madirisha yetu. Katika nchi hii mtu hagongi mlango bila miadi, kwa hiyo barua ilitutangulia wiki mbili, ikiwa na siku na saa. Sisi tukafanya nini? Tukasafisha! Siku moja kabla, katibu wenu huyu alipita nyumba kwa nyumba na ndoo mkononi: "Jamani, kesho wageni wa jiji! Msije mkatuaibisha!"

Jirani yetu Rahma Bouzian wa namba ishirini aliniuliza, "Dada Neeltje, kwani si wanakuja kulitafuta hilo hilo vumbi?"

Nikamjibu, "Watalikuta, lakini si kwangu."

Kila nyumba ilijiambia hivyo hivyo. Maofisa walibandika utepe wao wa gundi kwenye madirisha ishirini na mawili, wakabandua, wakatazama, wakanywa kahawa yetu, wakasifu usafi wetu. Ripoti yao inasema vumbi halikubainika. Hawakudanganya. Na ripoti hiyo iko mezani kwako, Mheshimiwa, kwa sababu Alhamisi ijayo baraza linaamua kama yadi ipewe kibali cha miaka kumi mingine.

Risala husomwa kwa "sisi", na nimeagizwa nisitoke humo. Nisameheni. Mume wangu, Gerbrand, amepuliza tarumbeta katika bendi ya mtaa huu miaka ishirini na miwili. Leo bendi imekuja kukupokea bila yeye. Ngazi zetu zina vidato kumi na vinne, naye anavipanda kwa kupumzika mara tatu. Yupo dirishani pale juu, nyuma ya kioo kilichofungwa, anakupungia mkono. Aliposoma ripoti aliniambia, "Umewasafishia wenye yadi, Nel." Hakufoka. Heri angefoka! Kitambaa kilichofuta ushahidi ni changu, na mkono ni huu.

Nimemaliza hapo. Narudi kwenye sisi.

MAOMBI

Tunaomba vumbi lipimwe upya, bila barua, siku yoyote na saa yoyote. Mtu wako akitukuta na nguo za kulalia, hatutalalamika.

Tunaomba uamuzi wa Alhamisi usubiri kipimo hicho. Tuliiandikia ofisi yako, tukajibiwa kwa heshima kwamba nafasi ya kupima tulishapewa, na nyingine itapatikana mwakani. Mheshimiwa, daktari wa mapafu hajatuahidi mwakani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi sisi tumeacha kuficha. Tangu Jumatatu hakuna nyumba iliyofuta dirisha. Usidhani ilikuwa rahisi! Bwana Jaap alikamatwa na kitambaa mfukoni akidai ni leso. Rahma amenifichia ndoo yangu, na siku tano hizi nimezunguka nyumbani kama kuku anayetaka kutaga.

Na meza iliyo mbele yako, chini ya turubai hili, tuliitandika Jumatatu asubuhi, tukaweka chombo cha maua katikati, na hakuna aliyeigusa tena. Ndiyo maana kopo la biskuti limefungwa. Tumekuona ukikitazama kitambaa cha meza, na huenda umejiambia kwamba watu hawa wamechagua rangi ya kijivu.

Mheshimiwa, kabla hujashika mkasi, tunakuomba uinue chombo hicho cha maua, uone rangi ya kitambaa chetu.

Tunakutakia afya njema, wewe na wa nyumbani kwako, na Mungu akujalie pumzi ndefu.

Ni sisi,
Wakazi wa Mtaa wa Ketting,
ambao safari hii hatukufuta.