Zamu Iliyokataa Kuhama

Ndugu waombolezaji, mimi ni baba mdogo wa marehemu, familia imenipa karatasi hii niisome na kuniomba nifupishe, lakini maisha yake yamekwisha kufupishwa vya kutosha, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1968, katika nyumba ya vyumba viwili iliyo nyuma ya karakana ya hayati kaka yangu, baba yake, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu na binti pekee. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akajiunga na chuo cha ushonaji, akahitimu mwaka 1985, na tangu hapo aliwashonea sare watoto wa mtaa huu, na wengi wenu hapa mlivaa suruali zake zenye pindo refu la akiba, mkarefuka nazo.

Tarehe 17 Aprili 1993 alifunga ndoa na fundi umeme, mtu mcheshi kupindukia, aliyetutangulia mwaka 2009. Hawakujaliwa mtoto, na jambo hilo, ambalo mwenyewe alilibeba kimya kimya, baadaye ndugu zake waliligeuza hoja, kwamba kwa kuwa hana wa kulea, basi amlee mama.

Mama yao, shemeji yangu, ambaye ameketi hapa mbele, alianza kupoteza kumbukumbu mwaka 2016. Kikao cha familia kilifanyika tarehe 3 Desemba, nami nikiwepo, tukakubaliana kwamba mama akae kwa kila mtoto miezi minne, aanze na marehemu kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Zamu hiyo ya kwanza imekwisha juzi. Kila miezi minne ilipotimia, marehemu alimwogesha mama, akamvalisha viatu, akaweka begi lake mlangoni, wakakaa kungoja gari. Kaka mkubwa, muuza vipuri, alisema mkewe hayuko tayari kuishi na mgonjwa, na mdogo wao wa kiume, mhasibu, alisema atamchukua mama pindi kaka atakapomaliza zamu yake. Giza lilipoingia, marehemu alimvua mama viatu, akamwambia safari imeahirishwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo ilivyokuwa.

Cherehani aliihamishia chumbani, maana mama hushtuka akiachwa peke yake hata kidogo, na siku ambazo hakuwa na kazi ya mteja aliikanyaga hivyo hivyo bila kitambaa, ili mama apate kusinzia. Nilipomtania kwamba anashona hewa, alicheka, akasema nguo za hewa hazirudishwi kupunguzwa kiuno.

Mwezi Oktoba mwaka jana alianza kubanwa na kifua, daktari akataka kumlaza, naye akaomba kwanza apatikane wa kukaa na mama. Alimpigia simu kaka yake, akaambiwa ampigie mdogo wake, na mdogo wake akamwambia ampigie kaka. Nasema hivi kwa hasira, wala sioni aibu. Alilazwa tarehe 2 Machi mwaka huu, akiwa amebebwa na majirani, akafariki tarehe 14 kwa maradhi ya moyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, mafundi wenzake waliomalizia sare za watu, na jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye si wa damu yetu, na ambaye ndiye amekuwa akimlaza mama kwake mpaka leo.

Umebaki mstari mmoja, nami sitausoma kwanza, kwa sababu marehemu aliniuliza akiwa kitandani mama atakwenda kwa nani, na bado ananidai jibu. Nawauliza watoto hawa mbele ya jeneza, leo jioni mama anakwenda kwa nani? Tutangoja, hata jua likichwa.

Naona mke wa kaka mkubwa amesimama. Anasema mama atakwenda kwake, na anasema, jamani tulieni tumsikie, anasema miaka yote hii hakuna aliyewahi kumuuliza.

Haya, mwanangu, amepatikana. Pumzika kwa amani.