Mwalimu Paskalina Kalinga na Darasa la Barazani Rujewa

Ndugu waombolezaji, majirani wa Rujewa nanyi mliofika kutoka Iringa, familia imenituma mimi, Jailos, niwasomee maisha ya dada yangu, Mwalimu Paskalina Kalinga.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Machi 1931 kijijini Kalenga, mtoto wa kwanza wa Mzee Tadeo na Mama Helena, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1944, kisha akapata kazi ya kuosha chupa za dawa katika zahanati moja ya Iringa, na huko, kwa kuwauliza wauguzi kila neno lililoandikwa kwenye chupa hizo, akajua Kiingereza.

Tarehe 9 Mei 1953 alifunga ndoa na Bwana Silvester Kalinga, wakahamia Rujewa mwaka 1961, shemeji alipoajiriwa kusimamia mifereji ya mashamba ya mpunga, na Mungu akawajalia watoto wanne, ambao wote tuko nao hapa.

Tarehe 10 Januari 1972 alianzisha darasa la bure la watu wazima kwenye baraza ya mashine ya mpunga, akiwa na wanafunzi saba, na kabla mvua hazijakatika walikuwa sitini, wengine na watoto mgongoni, wengine wametoka shamba moja kwa moja na matope miguuni, wakiimba a, e, i, o, u kwa nguvu hata Bwana Yotamu, mwenye mashine, akazima injini ili asikilize. Mwaka 1974 aliongeza Kiingereza kwa familia nzima, na hapo Mzee Bujiku Maganga, mfugaji, akakwama, kwani kwa mila za kwao asingeweza kukaa uso kwa uso na Mbuke, mke wa mwanawe, na wote wawili walitaka kusoma. Marehemu hakubishana na mila ya mtu, alitundika jamvi katikati ya baraza, mkwe huku na mkwe kule, na kitabu kimoja kikawa kinapitishwa chini yake.

Tarehe 3 Juni 1976 mtoto wa Mbuke alishikwa na homa, bibi yake akatwaa chupa dirishani ili amnyweshe, Mbuke akasoma Kiingereza kilichoandikwa kwenye chupa akasema ni dawa ya kuogeshea ng'ombe, bibi akamkemea, ndipo Mzee Bujiku, aliyekuwa nje, akaomba aletewe chupa, akaisoma polepole, akasema, "Mbuke amesoma sawasawa. Mwageni." Mtoto alipelekwa zahanati akapona, na wiki iliyofuata bibi huyo alikuja kujiandikisha, marehemu akacheka mpaka akakaa chini.

Oktoba 1978 alianza kuugua figo, akatibiwa hapa na baadaye Mbeya, ambako alimfundisha mgonjwa wa kitanda cha pili kuandika jina lake, na tarehe 6 Mei 1979, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na miaka arobaini na minane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kulala nasi msibani, walimu wenzake, na Bwana Yotamu kwa baraza yake. Wanafunzi wameniomba nitangaze kwamba Jumatatu saa kumi jioni darasa litakuwepo, na mwalimu atakuwa Mbuke.

Dada, kazi yako imepata mtu, pumzika kwa amani.